Mtoto Anaregea

Mara ya kwanza kumtazama mama mkwe wangu usoni bila kuinamisha kichwa, alikuwa ndani ya jeneza. Ilikuwa Agosti iliyopita, nyumbani kwake Kabuchai, mahindi yameanza kukauka na miwa ya jirani imesogea hadi kwenye ua. Watu walipita kwa mstari kumuaga, na zamu yangu ilipofika nikasimama pale kupita adabu, mpaka shemeji yangu Wekesa akanigusa kiwiko. Marehemu alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Nimekuwa mkwe wake miaka zaidi ya ishirini na sikuwa nikilijua kovu hilo. Wabukusu, watu wa mke wangu, hawana mchezo na jambo hili: mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawakai chumba kimoja, hawatazamani, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayeweza kumwambia mama mkwe, "Ati umesema nini? Rudia." Wapo wanaouondoa mwiko huu kwa zawadi na sherehe ndogo. Mimi niliahirisha mwaka baada ya mwaka. Sababu yangu ndiyo ninayotaka kuiandika hapa, kwa kuwa mtu pekee aliyeibeba pamoja nami tulimfukia siku ile. Nyuma yangu kwenye mstari alikuwa binti yangu Nafula, na sikuhitaji kugeuka kujua kwamba ni yeye. Mguu wake wa kulia unakanyaga, wa kushoto unaburura. Sauti hiyo nimeishi nayo tangu alipojifunza kutembea.

Nafula alizaliwa Kitale mwaka wa elfu mbili na tano, mvua ndefu zikiwa zimeshika kweli kweli, na kwa Wabukusu mtoto wa kike wa wakati huo jina lake halina mjadala: Nafula, wa mvua. Watu wangu, Wakikuyu wa Trans-Nzoia, walitegemea jina la mama yangu liwe la kwanza, wakanung'unika kidogo, kisha wakala wakanyamaza. Tulikaa nyumba ya walimu, vyumba viwili vya mbao, mabati juu, na karai moja la kudumu chini ya pale palipovuja. Nepi zilianikwa kwenye kamba juu ya jiko la makaa kwa sababu nje hazikauki, kwa hiyo kila kitu ndani, hata madaftari ya wanafunzi wangu, kilinuka moshi na maziwa. Mke wangu Selina alikuwa amesimamisha masomo yake ya ualimu ili azae. Mimi nilifundisha Kiswahili shule ya msingi, darasa la sita hadi la nane, na kazi yangu kubwa, niseme ukweli, ilikuwa kupigana na herufi mbili. Watoto wa Bungoma waliniandikia "kurara", watoto wa kwetu wakaniandikia "rakini", nami nikatembea katikati yao na kalamu nyekundu kama hakimu. Nilijivuna sana. Nilikuwa nimesahau kwamba mama yangu mzazi hana l hata moja mdomoni, na kwamba mimi mwenyewe niliipata shuleni, kwa viboko. Nyani haoni kundule.

Karibu na kalenda, kwenye msumari, tulitundika kadi ya kliniki. Nilipenda kadi ile kuliko inavyompasa mwanamume. Ina mistari iliyopinda ikipanda juu, na kila mwezi muuguzi hutia nukta ya uzito wa mtoto, nawe ukiunganisha nukta unapata mstari wa mwanao mwenyewe. Mstari wa Nafula ulipanda. Mwezi wa pili alitabasamu, na si lile tabasamu la gesi ambalo jirani zetu walinionya nisijidanganye nalo. Mwezi wa tatu alishika shingo, akawa anageuza kichwa kumtafuta mama yake chumbani. Mwezi wa nne alicheka kwa sauti. Nilikuwa nimemweka mapajani huku nikijiandaa na somo la kesho, nikitamka r, nikitetemesha ulimi kama pikipiki inayokataa kuwaka, naye akanitazama mdomoni, akaangua kicheko mpaka akapata kwikwi. Nilirudia r ile jioni nzima. Nikikumbuka sasa, naona ajabu kwamba ndiyo herufi iliyomchekesha kwanza.

Mama mkwe alikuja kumwona mtoto akiwa na wiki sita. Alileta kuku wawili, ufuta, na mrenda uliokaushwa, ambao mimi nilisisitiza uitwe mlenda na hakuna aliyenijali. Aliketi jikoni, nyuma ya pazia la kitenge, nami nikaketi sebuleni, na Selina akawa mtu wa kupita na sahani na maneno. Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo mno kwa heshima kubwa namna ile. Nikitaka kwenda nje nakohoa kwanza, asikie, ageukie ukuta. Lakini pazia halizuii sauti, na alipokuwa akimwogesha mtoto nilimsikia akimfundisha binti yake. Alikuwa akiuinua mkono wa mtoto na kuuachilia.

"Angaria, Serina. Unaona mkono unakataa kuanguka? Huyu ameshika. Mtoto ni kushika. Akiregea, usingoje mtu."

Kichwani mwangu nikatoa kalamu nyekundu: *akilegea*. Siku aliyoondoka, alisimama langoni akiwa amenipa mgongo, kama ilivyompasa, akasema, "Mwarimu, mimi nimeenda. Nitaregea wakati wa kuvuna." Nikafurahi kama niliyeokota kitu. Kesho yake, kwenye chai ya saa nne, niliwasimulia walimu wenzangu kwamba mama mkwe wangu ana neno moja tu la kurudi na la kulegea, na mtu wa kwao akiregea hujui kama umwandalie kiti au umwandalie kitanda. Walicheka. Barasa, mwalimu wa hesabu, mtu wa Kanduyi, alicheka pia, lakini akaongeza, "Na mama yako, bana? Si juzi aliniambia 'rara sarama'?" Tukacheka zaidi. Hivyo ndivyo tulivyoishi pale, kila kabila na ulimi wake, na utani ukifanya kazi ya chumvi.

Mwezi wa tano nukta haikupanda. Muuguzi aliunganisha mstari, akaukuta umelala, akanitazama mimi badala ya Selina. "Baba, huyu mnampa nini?" Selina alikuwa ameanza kumzoesha uji na maziwa ya chupa, kwa maana mtihani wake wa mwisho chuoni ulikuwa umekaribia, wiki tatu za kulala huko huko, na asipoufanya mwaka ule ingebidi aanze upya. Muuguzi alisema tusiwe na wasiwasi bado. Neno "bado" lilitufuata mpaka nyumbani. Usiku ule hakuna aliyeitaja kadi, ila asubuhi niliikuta imegeuzwa, mgongo ukitazama chumba. Yaya tuliyempata alikaa siku nne akaenda zake. Ndipo mimi niliposema, na naandika wazi kwamba ni mimi, "Mpeleke kwa mama yako."

"Kule kuna mbu," Selina alisema. "Huyu mtoto hajui mbu. Amezaliwa kwa baridi."

"Kwani wewe hukulia huko huko? Ulikufa?"

Alianza kukunja nguo za mtoto, na alizikunja polepole, moja moja, kila moja akiipapasa. Nilimwona. Nilidhani ni uchungu wa kawaida wa mama.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Habari zilinifikia kwa watu waliotoka sokoni Chwele: mtoto anakula, mtoto anacheka, mtoto amejipindua mwenyewe kwenye mkeka. Nilipata wivu kwamba alijipindua mara ya kwanza mbele ya wengine. Jumatano ya wiki ya pili mama mkwe alinipigia kwenye kibanda cha simu pale pale Chwele. Sikumbuki kama alikuwa amewahi kunipigia kabla. Aliongea kama mtu anayesoma tangazo, kwa haraka, apate kuondoka mbele yangu ingawa hakuwa mbele yangu. Mtoto ana joto, amempa dawa ya duka. Nikamwambia pole mama, na joto lisiposhuka mfikirie zahanati. Akasema ndio. Selina hakuwa na simu chuoni, na wakati wa mtihani huwezi kumpata mtu ila kuwe na msiba, basi nikaamua nisimsumbue. Usiku wa Alhamisi nililala vibaya, na nilipoamka niliigeuza ile kadi, nikautazama mstari uliolala, nikairudisha.

Ijumaa, saa nne na dakika chache, simu iliita tukiwa kwenye chai. Namba ya kibanda. Nyuma ya sauti yake nilisikia ng'ombe na mtu anayepigia debe vitunguu.

"Mwarimu."

"Naam, mama."

"Mtoto anaregea."

Nilifumba macho kwa shukrani. Siku mbili nilikuwa nikisubiri neno hilo hilo, na kilichomo moyoni ndicho sikio husikia. Anarejea. Anarudi katika hali yake. "Asante sana, mama," nikasema, na nadhani nilikaribia kupaza sauti. "Mungu ni mwema. Tumwachie Mungu."

Hakukata. Nilimsikia akipumua. Ng'ombe akalia tena kule. Kisha akasema, taratibu kuliko kawaida yake, "Haya, Mwarimu. Ni wewe umesema." Simu ikakatika.

Barasa aliuliza ni nani. "Mama mkwe," nikasema, na kwa kuwa moyo ulikuwa mwepesi, nikaiga sauti yake. "Ati, 'Mtoto anaregea.'"

"Anaregea ama anaregea?" Barasa akauliza.

Chumba kizima kilicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, chai ikanipalia, mwalimu mmoja akanipiga mgongoni. Barasa peke yake aliacha kucheka mapema. "Hapana, si mchezo," akasema. "Kwetu hayo ni maneno mawili. Piga tena, uulize vizuri."

"Nimuulize mama mkwe amesema nini? Wewe wako ungemuuliza?"

Barasa alifikiria, akatikisa kichwa, akarudi kwenye chai yake. Kengele ililia. Nilikuwa na somo la darasa la nane, na nakumbuka tulifanya vitate siku hiyo: kula na kura, kalamu na karamu, mahali na mahari. Niliwaambia watoto kwamba herufi moja inaweza kubadilisha maana yote. Niliandika ubaoni, nikapigia mstari.

Jumamosi ile ilikuwa siku yangu ya furaha kuliko zote za mwaka huo, na hilo ndilo sijaweza kujisamehe. Nilianika blanketi la mtoto juani. Nilikwenda sokoni Kitale kununua beseni jipya la kumwogesha, kwa sababu la kwanza lilikuwa limekuwa dogo, nikachagua la kijani, nikaligonga gonga nipate lisilo na ufa. Nilipika ule mrenda wa mama mkwe kwa mara ya kwanza maishani mwangu, ukanishinda, ukavutika kutoka sufuriani mpaka mezani, nami nikala nikicheka peke yangu. Niliosha sakafu nikiimba. Kabuchai si mbali. Ningetoka asubuhi ningefika kabla ya mchana. Nilikuwa na siku nzima, na miguu miwili mizima, na nikaitumia kusugua sakafu.

Jumapili watu wakitoka kanisani Wekesa alisimama mlangoni kwangu na viatu vya matope. Hakuingia.

"Shemeji, twende. Mtoto ako hospitali Bungoma. Hata shingo haisimami."

"Lakini mama alisema..." nikaanza, na hapo hapo, mbele ya uso wa Wekesa, neno lile likageuka. Nililisikia tena lote, na ng'ombe, na kule kupumua. Usingoje mtu, alikuwa amemwambia Selina nyuma ya pazia. Lakini mtoto ni wa baba yake, na baba alikuwa amesema tumwachie Mungu.

"Tumemuuliza mama anangoja nini, hasemi," Wekesa alisema. "Tangu Ijumaa amekaa tu na mtoto kwa mapaja, anaangalia barabara. Jana jioni ndio akabeba mtoto akatoka, hakuambia mtu."

Ilikuwa malaria, na ilikuwa imekunywa damu yake karibu yote. Walikuwa wamemnyoa upande mmoja wa kichwa wapate mshipa. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama karatasi. Niliuinua mkono wake mdogo, kama nilivyosikia ukiinuliwa nyuma ya pazia, nikauachilia, nao ukaanguka. Mama mkwe alikuwa upande wa pili wa kitanda, ameketi sakafuni, leso imefunika kichwa na nusu ya uso. Nilipoingia aliinuka atoke, kwa heshima. Muuguzi, mama mnene asiye na muda na mila za mtu, akamkatalia. "Wewe nyanya, shika miguu. Wewe baba, kichwa. Sindano ikitoka hapa sina mshipa mwingine." Basi tulimshika mtoto wetu, mimi na mama mkwe wangu, vichwa vyetu vikiwa karibu kugusana, tukitazama chini wote wawili. Mikono yake ilikuwa na nyufa za jembe. Nilingoja aseme neno. Kama angenilaani ningeshukuru. Daktari alipita, akasoma karatasi, akasema mambo yangekuwa mepesi zaidi kama angeletwa Ijumaa, kisha akaenda kitanda kingine.

Selina alifika Jumatatu, na kidole bado kina wino wa mtihani. Alimtazama mtoto kwanza, muda mrefu. Kisha akamgeukia mama yake, na akaongea Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie kwamba ananitetea.

"Mayi, kwa nini hukumpigia Mwalimu? Chwele kuna simu. Kwa nini ulinyamaza na mtoto wangu mpaka akawa hivi?"

Nilikuwa nimesimama pale. Kati yangu na mama mkwe kulikuwa na kitanda tu. Alikuwa na jibu moja, fupi, la kweli, na lingeniangamiza. Alivuta leso ikamfunika uso mzima, akasema, "Nimekosa, mwanangu." Nami nikakohoa, nikatoka nje kutafuta maji.

Nafula aliishi. Alianza upya kila kitu, shingo kwanza, kisha kukaa, na kicheko kilichukua miezi. Mstari kwenye kadi uliinuka tena, chini ya pale ulipopaswa kuwa. Mguu wa kushoto haukushika kamwe. Selina alimheshimu mama yake, alimpelekea sukari na majani ya chai kila mwezi, lakini hakumwachia mtoto tena hata kwa saa moja, na kila Krismasi nilimwona bibi akimtazama mjukuu wake kwa mbali, kama mtu anayetazama chakula cha wageni. Kila mara nilijiambia, mwaka huu nitasema. Kuondoa mwiko kungetukalisha meza moja, angenitazama, nami ningelazimika kumtazama. Niliahirisha. Mwanzoni ni aibu iliyonizuia. Baadaye ni mazoea, na mazoea yana nguvu kuliko aibu.

Sasa nirudi Kabuchai. Baada ya mstari wa kuaga, Selina alipewa kipaza sauti asome wasifu wa mama yake. Alisoma vizuri, bila kulia, mpaka karibu na mwisho, alipoiweka karatasi chini. "Kuna jambo moja nilimlaumu mama," aliwaambia watu. "Mtoto wangu aliugua, na mama akanyamaza. Nimelibeba miaka mingi. Leo, mbele yenu wote, nimemsamehe." Wanawake waliitikia amina. Nafula alimshika mama yake bega. Nami nilikuwa kwenye viti vya wakwe, chini ya hema, nimevaa suti, na watu walinitazama kwa huruma.

Sikuwa na ujasiri wa kipaza sauti. Nilingoja wageni wapungue, jua likielekea kushuka, nikaenda jikoni kwa mama mkwe, chumba ambacho sikuwahi kukanyaga. Selina alikuwa akifuta vikombe. Nilimwambia yote, nimesimama: kibanda, ng'ombe, neno, nililolisikia mimi, nililojibu, Barasa, beseni la kijani. Aliendelea kufuta kikombe kile kile.

"Alipiga," akasema.

"Alipiga mara mbili."

"Na wewe ukamwambia amwachie Mungu."

"Ndiyo."

Aliweka kikombe chini. "Na mimi nimemsamehe mbele ya watu," akasema, na hapo ndipo alipolia.

Asubuhi nilikuwa niondoke na Nafula, ana kazi Kitale na mimi nina mahindi. Selina alisema atabaki. Hakusema mpaka lini. Alitusindikiza hadi mwisho wa miwa, akasimama akiwa amenipa mgongo, akitazama nyumba, vile vile mama yake alivyosimama langoni kwangu. Nilitaka kumuuliza kitu, na miaka yote ile ya kalamu nyekundu haikunisaidia.

"Utaregea lini?" nikasema.

Neno lilitoka hivyo hivyo, kwa ulimi wa marehemu. Selina aligeuka. Sikujua kama angenipiga.

"Kurudi ama kulegea?" akauliza.

Nikamwambia sijui, na kwamba ningeomba yote mawili. Alinitazama usoni mpaka mimi ndiye niliyeinamisha kichwa. Nafula alikuwa ametangulia barabarani. Nilisikia mguu mmoja ukikanyaga na mwingine ukiburura, nikaifuata sauti ile, na nyuma yangu nyayo za Selina zikarudi kwenye nyumba ya mama yake.